Koti Jeupe la Safa

Ukimuuliza mtu yeyote wa Majengo, hapo Nyeri, atakwambia kwamba fundi Yakubu hasemi uongo. Akikwambia suruali itakuwa tayari Jumanne, Jumanne unaikuta imepigwa pasi na kukunjwa, jambo ambalo mafundi wengine hawaliwezi hata waape. Kwa miaka ishirini na miwili amekaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Hafiz, hatua chache kutoka msikitini, akikanyaga cherehani ile ile. Ndiyo maana uongo mmoja aliousema mwaka huu, akiwa na miaka hamsini na minne, haukumkalia vizuri tangu siku ya kwanza.

Uongo wenyewe ulimhusu binti yake, Safa.

Safa alimaliza kidato cha nne na alama nzuri, akatangaza nyumbani kwamba anataka kutengeneza michezo ya video. Si kuicheza, kuitengeneza. Yakubu alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Mtoto alikuwa na daftari ambamo kila kozi ya kila chuo ilikuwa na ukurasa wake. Kuna kozi ya animesheni, akaeleza, lakini hiyo ni kuchora na kutembeza picha, "halafu nitabaki kubembeleza mtu aniandikie programu." Kuna sayansi ya kompyuta, hesabu tupu. Na kuna chuo kimoja ambapo unaanza na hiyo sayansi ya kompyuta, na mwaka wa tatu unachagua masomo ya gemu zenyewe: sauti, hadithi, namna ya kumfanya mchezaji asichoke upesi. Hiyo ndiyo aliyoiweka ya kwanza kwenye maombi yake. Mwalimu wake wa hesabu kule shuleni Ruring'u alisema amechagua vizuri. Mamake, Mwanaisha, alimwombea dua. Yakubu alisema, "Sawa," akaendelea kunywa chai.

Tuseme ukweli, kwa kuwa yeye hakuusema: aliona aibu. Ubaya wa kozi yenyewe hakuujua, maana hakuielewa. Alichoogopa ni kuitaja mbele ya watu. Kila alipojaribu kulisema neno "gemu" kichwani mwake, aliwaona wale vijana wa kibanda cha michezo nyuma ya kituo cha matatu, wanaoshinda wakipigania vidude vya kuchezea tangu asubuhi mpaka mama zao wawafuate.

Siku moja Safa alikuja pale barazani na simu yake mkononi, uso umechangamka. "Baba, hebu kuja uone. Hii nimetengeneza mwenyewe, na nimekuweka ndani. Ni wewe na futi yako ya kupimia shingoni, unakimbiza mbuzi ametoroka na suruali ya mteja hapa Majengo yote."

"Baadaye, mwanangu," Yakubu akasema, macho kwenye sindano. "Niko na kazi ya watu."

Safa alisimama kidogo, halafu akairudisha simu mfukoni.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, wanaume walisimama nje ya msikiti kama kawaida yao. Ulikuwa msimu ule ambapo hakuna salamu inayokamilika bila kuuliza mtoto anaenda kusomea nini. Hafiz alikuwa amekwisha kuwaambia, mara mbili, kwamba mwanawe Mukhtar anaenda kusomea sheria. Kisha akageuka. "Na Safa wako, fundi?"

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka la dawa lenye kibao cha kijani, na macho ya Yakubu yalikuwa hapo.

"Famasia," akasema.

Basi ikawa mashallah huku na hongera kule, mikono ikamminya mkono. Na hili ndilo lililomuumiza zaidi baadaye: aliona raha. Alirudi kwenye cherehani yake akitembea taratibu ili wengine wapate nafasi ya kumpongeza.

Jumatatu Safa alikuwa barazani akimsaidia kupiga pasi, akatokea Mama Kagure, yule anayeuza sukuma wiki pale kona, ameshika pakiti ya vidonge.

"Daktari wetu!" akamwambia Safa. "Hafiz ametuambia. Hebu niangalilie hii dawa yangu ya presha. Naweza kunywa na chai ama ni lazima maji?"

Safa akamtazama babake. Yakubu akainama chini ya cherehani kutafuta kifungo ambacho hakikuwa kimeanguka.

Kule chini alisikia sauti ya binti yake, ya upole kabisa. "Kunywa na maji, Mama Kagure. Lakini uliza huko hospitali walikupatia. Mimi bado sijasoma."

"Si utasoma! Ati msichana wa hapa kwetu!" Mama Kagure akaenda zake akicheka.

Yakubu aliinuka, masikio yakiwaka moto. Alingoja Safa amuulize. Alikuwa tayari kukemewa, na moyoni alitamani akemewe. Safa alimaliza kupiga pasi shati, akalitundika, akafagia nyuzi za sakafuni, akaenda nyumbani. Hakuuliza siku hiyo wala siku nyingine.

Yakubu alipanga maneno ya kumwambia. Nilikosea, mwanangu. Nitaenda nimwambie Hafiz mbele ya watu. Kila asubuhi alisema ni leo, na kila jioni akasema ni kesho. Yeye, mtu ambaye Jumanne yake ilikuwa Jumanne, alipitisha wiki tatu akimwahidi binti yake kimoyomoyo.

Kisha Safa akatoka saiba, kule kwenye kompyuta za kukodi, na karatasi, akaiweka juu ya cherehani. Yakubu aliisoma polepole, akarudia. Safa alikuwa ameitwa chuoni. Kozi: famasia.

"Ulibadilisha?"

"Eeh. Walifungua dirisha ya kubadilisha kozi, wiki mbili zimepita."

"Kwa nini, Safa?"

Safa aliangalia barabarani. "Watu wote wanajua ni famasia, baba. Ningeenda hiyo ingine, wangesema fundi Yakubu ni muongo."

Hakulisema kwa hasira. Angelisema kwa hasira Yakubu angepata mahali pa kushika. "Badilisha tena," akasema. "Naenda kuwaambia sasa hivi. Kosa ni langu."

"Dirisha ilifungwa Ijumaa. Ni sawa tu. Kemia mimi huiweza."

Chuo kilitaka kila mwanafunzi aje na koti jeupe. Hafiz alikata kitambaa kizuri kuliko vyote dukani mwake, akakileta mwenyewe na kukataa kabisa kulipwa. "Zawadi ya binti yetu," akasema. Yakubu alikipokea kwa mikono miwili kwa sababu hakujua jinsi ya kukikataa.

Asubuhi ya pili akampima Safa. Mabega, kifua, mkono. Safa aliinua mikono bila kuambiwa, vile alivyozoea tangu utotoni kila nguo za Idi zikikaribia. Yakubu aliandika vipimo, kisha akabaki ameishika futi.

"Safa. Nionyeshe ile gemu. Ile uliniweka."

"Nilifuta, baba. Simu ilikuwa imejaa, nikataka nafasi ya kuweka masomo ya kemia."

Yakubu akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akachukua chaki, akairudisha mezani. "Yule mbuzi," akasema. "Nilimshika?"

Safa akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Ilikuwa inategemea mwenye anacheza."

Yakubu akatandaza kitambaa mezani na kukichora. Mikono ilijua kazi yake, hata kama macho hayakuwa yanaona sawasawa. Ndipo Mama Kagure akapita na gunia lake la sukuma, akasimama.

"Fundi! Hiyo ni koti ya daktari wetu?"

Maneno yote aliyoyapanga wiki tatu yalimjia mdomoni kwa pamoja, yamenyooka, tayari kusemwa. Alimtazama Safa, ambaye alikuwa akizikunja nguo za wateja. Hakuna hata neno moja ambalo lingemfaa sasa.

"Ndiyo, Mama Kagure," akasema. "Anaenda kusomea famasia."

Safari hii hakuwa amesema uongo. Akainamisha kichwa, akachukua mkasi.