Nyumba ya Kupangisha ya Akelo

Mdomo uliponza kichwa, na cha Akelo kimeponzwa kweli.

Miaka yote amekaanga sato sokoni Kirumba, moshi machoni, miguu imevimba. Alitaka kitu kimoja tu: aweke kikaango chini, ale kodi, apumzike. Ndiyo maana alipouziwa gofu la mzee Pradip kule Ilemela, nyumba iliyokuwa ya popo na mbuzi, hakusikia la mtu. Akaezeka bati jipya, akapiga lipu, akamwaga sakafu, hadi nyumba ikawa nyumba, jamani! Vyumba vinne vya wapangaji, na kimoja chake mwenyewe.

Akaita mchungaji aiombee. Ukoo wa marehemu mumewe ukaja kutoka Rorya, ukiongozwa na shemeji yake mkubwa, Odera. Baada ya sala Akelo akasimama, furaha imemjaa, akasema lile neno ambalo kila muungwana husema: "Hii nyumba si yangu. Ni yenu. Karibuni."

"Amina!" akaitikia Odera. Wenzake walipoaga, yeye hakuaga.

Ati anasubiri kliniki ya macho. Binti yake naye akafuata na watoto, ati shule za mjini ni nzuri. Akaja shangazi mgonjwa wa mguu, wakaja vijana wa kutafuta kazi. Vyumba vinne vikajaa, na hakuna aliyetoa hata senti. Angewafukuzaje? Neno lilishatoka, tena mbele ya mchungaji. Rorya nzima ingesema amewatupa watu wa mumewe. Alikasirika, akalia peke yake, kisha akarudi kukaanga zaidi kuliko zamani, maana sasa wote walikula kwake.

Siku moja muuguzi aitwaye Modesta akapiga hodi, anatafuta chumba. Akelo alikuwa uani akiparua samaki. Odera akamfuata huko.

"Shemeji, mpe chako. Wewe kutwa uko sokoni, chumba unakifanyia nini?"

Akelo akafungua kinywa amtolee uvivu. Lakini shemeji mkubwa hajibiwi hovyo.

"Sawa, shemeji," akasema.

Akahamishia godoro lake jikoni, kando ya gunia la mkaa. Alikuwa bado anatandika Modesta alipochungulia, pochi mkononi.

"Shikamoo, mama. Samahani, mwenye nyumba yuko wapi? Nataka kulipa kodi."

Kabla Akelo hajajibu, sauti ya Odera ikatoka sebuleni:

"Niko huku, binti yangu. Lete tu."