Besi Iliyobaki Mtungini

Mwaka wa 1991, mjukuu wangu Wabwile alitaka spika za kutengenezea muziki wa disko. Za dukani zilimshinda bei, basi akatumbukiza spika ya redio kuukuu ndani ya mtungi wangu wa pombe ya busaa, bila ruhusa! Besi ilinguruma mpaka ng'ombe wa kwetu Kabuchai wakazaa mapacha. Akaona imezidi, akaipunguza kwenye kanda aliyokuwa akirekodi muziki wake. Akapeleka kanda Kitale, kwa Avtar muuza muziki, akiomba amsaidie kuiuza. Avtar akaijaribu kwa spika za duka. Ikalia kama mbu.

“Besi iko wapi, bwana?”

Wabwile akarudi kwangu mimi bibi yake, amenuna. “Kukhu, kumbe besi ilikuwa ya mtungi.”

“Mjinga wewe! Toa takataka yako humo, busaa yangu inalala kwa ndoo!”