Nilivyompeleka Mbwana Kigombe kwa Mama Yake

Nilikwenda Kigombe kwa sababu moja tu: mama yake Mbwana alinipigia simu akaniambia uso wa mwanawe umeanza kumtoka. Hakulia. Alisema vile mtu anavyokwambia chumvi imeisha ndani.

"Hamisi, nikifumba macho namwona mgongo. Kikohozi chake nakisikia. Uso siupati. Na wewe ndiye mwenye mapicha."

Mimi ndiye mwenye mapicha. Nyie wa hapa Chumbageni mnajua nimejisifu mara ngapi. Kamera nimejifunza mwenyewe, bila chuo wala mwalimu, ni simu na bando na ubishi wangu. Tukitoka matembezi, mimi narekodi video mwanzo mwisho. Mtu akiniomba picha namjibu: "Picha ya nini? Video ni picha ishirini na tano kila sekunde. Nitakutolea mia, kazi yako kuchagua." Na ni kweli. Unaisimamisha video, unahifadhi ile fremu iliyoganda, umepata picha. Wengi nimewatolea. Aliyebisha tuligombana, na wengine hatusalimiani mpaka leo.

Mbwana alikuwa rafiki yangu tangu madrasa. Lori lilimgonga pale Pongwe akitoka kazini, na simu yake ikasagika pamoja na pikipiki. Picha yake ya ukubwani iliyobaki ni ile ya kitambulisho, na mama hakutaka hata kuitazama. "Mwanangu hakuwa mahabusu," alisema. Basi zikabaki video za matembezi yetu ya Tongoni, kwenye yale magofu na makaburi ya kale, tuliyokwenda wiki tatu kabla hajafa. Saa nzima na kitu, na Mbwana yumo karibu yote.

Siku mbili nilikaa na laptopu nikimtafuta. Kwenye video Mbwana anacheka, anaruka ukuta, anamfukuza mtu na ganda la nazi, yupo mzima. Ukisimamisha, hana macho. Mdomo umeburuzwa mpaka sikioni. Kosa langu. Nilijifunza mtandaoni kwamba shata, yaani ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, ukiufungua taratibu, video inakuwa laini kama sinema. Hawakuniambia, au waliniambia nikaruka, kwamba kila kinachotembea kitaacha mkia. Video ikienda, jicho lako linaiunganisha mikia yote unaona mtu. Ukiisimamisha unabaki na mkia mmoja. Na Mbwana alikuwa mtu asiyetulia.

Nikapata moja angalau, amegeuka nusu, anaelekea kucheka. Nikaichonga na programu ya kurekebisha picha, nikaipeleka studio, wakaitia kwenye fremu ya mbao. Na kulikuwa na kipande kimoja, katikati ya zile video, ambacho sikukigusa. Nilijua kiko wapi. Kila nilipokikaribia nilikiruka.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi, nikaondoka. Pikipiki ya kaka yangu, laptopu nimeifunga mifuko mitatu ya plastiki, ile picha nimeitia kifuani ndani ya koti. Mvua ilikuwa imeanza tangu alfajiri, si ya kishindo, ile inayokuloweka bila kukuambia. Kwenye matembezi Mbwana ndiye aliyekuwa akikaa nyuma yangu, kabeba stendi ya kamera begani kama askari kabeba bunduki, akiwapigia saluti wanafunzi njiani. Asubuhi ile pikipiki ilikuwa nyepesi mpaka ikawa inaniyumbia.

Mwambani nilisimama kufuta kioo cha helmeti. Nikagundua si kioo.

Saa mbili kasoro nilikuwa Tongoni, kwa Shamte. Shamte anakaanga samaki pale, na siku ya matembezi ndiye aliyetupikia, na yeye pia alikuwa akichukuachukua video kwa simu yake. Tumaini langu la pili lilikuwa hilo. Nilimkuta anapulizia kuni mbichi, macho mekundu.

"Karibu, mkurugenzi wa sinema," akasema. "Umelowa kama pweza."

"Shamte, sina utani leo. Ile video yako ya Mbwana anakula. Nipe."

Akafuta mikono kwenye kikoi, akatafuta, akanipa simu. Nikaifungua. Mbwana alikuwa vibokosi vibokosi, kama ukuta wa matofali unaotafuna.

"Hii ni ile uliyoirusha kwenye kundi. Imeminywa hii. Nataka yenyewe."

"Yenyewe nilifuta."

"Ulifuta?"

"Simu ilijaa, ami. Si nilishairusha? Nikajua ipo."

Nilimkamata ukosi wa shati. Sijui nilitaka kumfanya nini. Shamte hakujitoa. Alisimama vilevile, kijiko cha mafuta mkononi, akaniambia polepole:

"Nipige. Umalize watu wote. Na Mbwana si ulimtukana palepale makaburini, tukasikia sote?"

Nikamwachia. Akanivuta kigoda, akaniwekea samaki mmoja, changu, na ndimu, nami nikashindwa hata kumbandua ngozi.

Kabla ya kuendelea nilipita pale magofuni. Hapakuwa na mtu, na majani yalikuwa yamelala kwa maji. Nikaenda mpaka kwenye ile nguzo ya kaburi iliyobaki imesimama, maana ni hapo. Siku ile Mbwana alisimama hapo, akavaa kofia vizuri, akashusha mikono, akainua kidevu. Akaniomba nimpige picha moja ya kusimama, ampelekee mama yake. Nami kamera ilikuwa inarekodi, mwanga mzuri unaniponyoka, joto, na yeye ananikatisha. Nikamjibu. Maneno yenyewe mtayasikia mbele, kama mama yake alivyoyasikia.

Kutoka Tongoni kwenda Kigombe barabara inapita kando ya mkonge, na mvua ikinyesha ule mkonge hauna rangi, ni mistari tu ya kijivu inayokupita. Nilikuwa nawaza mazishi. Mnajua kwetu, maiti ikishasaliwa, mmoja katika wafiwa anasimama mbele ya watu: aliyekosewa na marehemu amsamehe, mwenye dai aseme. Siku ile watu walijibu, "Tumemsamehe," na sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote. Nilimsamehe Mbwana! Mbwana aliyenikosea nini? Pale hakuna anayesimama kuuliza upande wa pili, kwamba nani alimkosea maiti. Ule mlango haupo. Tangu Tongoni mpaka kufa kwake tulionana karibu kila siku, tukataniana kama kawaida, na picha hakuniomba tena. Mimi nikajua yameisha.

Saa nne nikaingia Kigombe. Bi Mwanaidi, mama yake Mbwana, alikuwa barazani anasuka ukili, miguu kainyoosha, na binti yake mdogo, Saumu, anapepeta mchele mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Hamisi. Umekuja na mvua yote hiyo? Saumu, mpe nduguyo kanga ajifute."

Nduguyo, aliniita. Nikatoa ile picha kifuani. Nilikuwa nimeifunga kwa kitambaa. Akaipokea kwa mikono miwili, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaigeuzia kwenye mwanga.

"Huyu nani?"

"Si Mbwana huyo, mama?"

Akaitazama tena. Saumu akaja kuchungulia begani kwake, akarudi kwenye ungo.

"Huyu moshi, mwanangu," Bi Mwanaidi akasema. Akanirudishia. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililoniumiza, maana hasira naijua, ningejua pa kuikamata. "Leta hiyo kompyuta. Nimtafute mwenyewe."

Nikaifungua laptopu juu ya jamvi. Nikamwekea video moja baada ya nyingine. Alikuwa amekaa na ukili mkononi, anasuka bila kuangalia vidole, macho kwenye skrini. Mbwana alipomfukuza mtu na ganda la nazi, mama alicheka. "Mshenzi huyu," akasema, "makaburini!" Kila aliponiambia simamisha, nikasimamisha, na kila niliposimamisha, yule kijana aliyekuwa akimchekea aligeuka moshi. Ikawa kama mimi ndiye ninayemuua, kwa kidole, mara kumi, mara ishirini. Saumu aliacha kupepeta akaingia ndani.

Kikafika kile kipande. Nilikuwa nataka kukiruka, lakini mama akashika mkono wangu. "Acha. Hapa kasimama." Nikakiacha, ila nikashusha sauti mpaka mwisho.

Mbwana akasimama kando ya nguzo. Akasema kitu, midomo inatembea. Mama akaacha kusuka.

"Mbona hasemi?"

"Upepo, mama. Sauti imeharibika."

"Umeshusha kitu. Nimekiona kidole. Pandisha."

Wallahi nilitaka kuizima ile kompyuta, nimwambie chaji imekwisha. Mdomo nilishaufungua. Lakini yule bibi ndiye aliyenilisha mimi na Mbwana sahani moja, mwaka mzima ule mama yangu alipokuwa Pemba kwa matatizo ya kwao. Nikarudisha nyuma, nikapandisha.

"Hamisi, nipige moja ya kusimama," Mbwana akasema kwenye kompyuta. "Nimpelekee mama. Hana picha yangu hata moja tangu nimekua."

Halafu sauti yangu, karibu na kamera, kubwa, ya mtu anayejiona: "Mimi si fundi wa paspoti, bwana! Na mama yako ana simu ya tochi, picha ataitia wapi, kwenye kibatari?"

Watu wakacheka nyuma. Kamera ilikuwa inayumba, sasa ikatulia, maana nilikuwa nimesimama vizuri nimtukane vizuri. Mbwana hakucheka. Hakuondoka. Alibaki pale kando ya nguzo, mikono chini, ananitazama. Sekunde mbili hivi. Kisha akasema, "Haya bwana, yaishe," akageuka, akawa mkia.

Mvua ilikuwa inapiga bati. Bi Mwanaidi hakunitazama.

"Rudisha kidogo. Nyuma. Hapo. Simamisha."

Akawa mzima. Kofia, kovu la nyusi alilolipata alipoanguka kwenye mkorosho, ndevu zake zile chache alizokuwa akizihesabu, macho. Kila kitu kimekatika safi kama kwa wembe. Katika zile video zote za saa nzima, hapo tu ndipo Mbwana alipotulia na mimi nikatulia.

"Huyu ndiye," mama akasema.

"Mama, hapo amekasirika. Mie ndiye niliyemkasirisha. Ngoja nikutafutie nyingine, pengine mbele..."

"Nimemzaa mie. Hajakasirika huyo." Alikuwa ameweka kidole karibu na skrini bila kuigusa. "Ameona haya. Ameona haya mbele za watu kwa ajili yangu. Alikuwa hivi hivi nilipompeleka skuli na viatu vya dada yake."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe." Sijawahi kuliomba neno hilo kwa mtu nikiwa nimekaa chini.

Akaokota ukili wake, akatafuta pale alipoishia.

"Langu nimekusamehe, si kitu. Simu ya tochi ni kweli ninayo. Lake yeye sina ruhusa nalo, Hamisi. Hilo ni lenu." Kisha akaita, "Saumu! Mletee nduguyo muhogo na chai. Anataka kuondoka kabla mto wa njiani haujajaa."

Nikala. Muhogo ulikuwa wa kuchemsha, na chai ya mchaichai, na nilikula yote kwa sababu ukikataa chakula pale umemtusi. Kabla ya adhuhuri nikaaga. Alinisindikiza mpaka mwisho wa baraza akaniambia niitengeneze ile, isiwe kubwa, ukubwa wa kiganja, na nisimchonge popote. "Usimchekeshe," alisema. Alijua kuna programu za hivyo, sijui nani alimwambia.

Njiani kurudi sikusimama Tongoni. Shamte nilimwona anapunga kijiko, nikapiga honi tu. Nilimwomba radhi baadaye, kwa simu, akanijibu kwa kunitumia ile video ya vibokosi tena. Mwambani mvua ikakatika na jua likatoka, jua jeupe lisilofaa kitu, na nikafika Chumbageni nguo zimenikaukia mwilini.

Studio wakaitoa ukubwa wa kiganja. Niliipeleka mwenyewe siku ya arobaini. Hakuitundika ukutani, wala sikulitazamia hilo. Aliibandika ndani ya mlango wa kabati lake, upande wa kanga, kwa hiyo anamwona kila anapotaka kutoka. Ananipigia simu, ananiuliza mama yangu hajambo. Ile ya moshi ninayo mimi, mezani, ndani ya fremu yake ya mbao.

Nilichojifunza si kikubwa, na nyie mtaona ni cha kitoto kwa safari yote ile. Video bado narekodi. Ila fremu ikitolewa kwenye video, inatoka kama ulivyokuwa wewe uliyeshika kamera, ukitikisika itatikisika, ukitukana itabaki na tusi. Picha inamtaka mtu asimame na wewe usimame, mpeane nafasi. Mbwana alinipa ya kwake.

Juzi tulikwenda matembezi tena, Amboni. Kabla sijawasha video nikawasimamisha wote, mmoja mmoja, kando ya mwamba. Kijana mmoja mgeni, wa maneno mengi, akaanza: "Kaka vipi, umetuleta huku kutupiga za paspoti?" Wale wanaonijua wakageuka kunitazama, wakingoja niwake.

"Ndiyo," nikamwambia. "Una mama?"

"Ninaye."

"Basi tulia."