Nyufa za Nyumba ya Mjane

Kabla sijawa mbunge nilikuwa wakili mjini Geita, na kesi iliyonipa jina ilihusu nyumba zilizopasuka. Mgodi ulikuwa unalipua miamba mchana, na nyumba za kijiji cha jirani zikaingia nyufa. Mama mmoja mjane aliniita nikaione ya kwake. "Pitisha mkono, mwanangu," aliniambia. Nikaupitisha kwenye ufa wa chumbani mpaka vidole vikaguswa na jua la nje. Niliondoka pale na hasira, nikaenda kuufungulia mgodi kesi.

Kesi ilikuwa bado inapigwa kalenda watu waliponiomba nigombee. Nikashinda. Nikamwachia wakili mwenzangu kesi, nikaenda Dodoma nikiamini huko ndiko itakakokwisha upesi.

Bungeni niliuliza kuhusu zile nyumba. Naibu waziri akajibu kwamba serikali imelipokea suala hilo na inalifanyia kazi. Wabunge wakagonga meza. Mkutano uliofuata nikauliza tena, nikajibiwa vilevile. Safari hii na mimi niligonga meza, mkono ukienda wenyewe. Sikujisikia vibaya. Sikujisikia vyovyote.

Mvua za mwaka huu ziliangusha ukuta wa yule mama. Bahati nzuri alikuwa shambani. Nilipofika, majirani walikuwa wamejaa uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mheshimiwa."

Wakasubiri niseme neno. Nikawapa pole, nikasema suala lao nimelipokea na tunalifanyia kazi. Mama alinisikiliza hadi mwisho.

"Siku hizi unaongea kama redio," akasema, bila ukali wowote.

Watu wakatazama chini. Nilijua mtu akiambiwa hivyo huumia, nikangoja niumie. Wapi.

Nikaanza kumsaidia kutoa vitu: godoro, masufuria, cherehani yenye tope. Tukavipakia kwenye gari ili nimpeleke kwa binti yake, Buseresere. Tulipofika Katoro akaniuliza kama nimekula tangu asubuhi. Nikamwambia sikumbuki. Akamsimamisha dereva, akanunua mahindi ya kuchoma, akanikabidhi moja.

"Kula."

Nikala. Kwa binti yake tukashusha vitu.

Kesi imepangiwa tarehe nyingine, na siku hiyo kamati yangu ina kikao. Nimeomba ruhusa nisihudhurie. Mahakamani sitakuwa na la kusema, nitakaa tu kwenye benchi, karibu na yule mama.