Tulichimba dhahabu Buseresere, tukafukua tanuru la chuma la Wazinza

Wakuu, poleni na mihangaiko. Humu mimi huwa nasoma tu na kupita, leo nimeamua kuandika.

Haya yamenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi. Kuna sehemu mtadhani nilikuwa naota. Hata mimi huwa nadhani hivyo.

Kwetu ni Nyahanga, Kahama. Mwaka juzi nilimfuata rafiki yangu Masanja kwenda kuchimba dhahabu kwenye kilima kimoja nje kidogo ya Buseresere. Duara letu, yaani shimo la kuchimbia, lilikuwa la watu wawili tu, mimi na yeye.

Tulipofika usawa wa kiuno, sululu ikagonga mawe meusi, mazito, yamejikunja kama uji ulioganda. Pembeni yake kukawa na mabomba ya udongo mwekundu, unene wa mkono wa mtu, mdomo umeungua.

Masanja alifurahi, acha! Akabeba kiroba hadi kwenye karasha. Mawe yakasagwa, yakaoshwa.

Hakuna kitu.

Mimi nikapasua bomba moja kwa nyundo, labda ndani kuna mali. Lilikuwa tupu. Lakini nilipofuta kipande kimoja nikaona alama za vidole vya mtu. Nikaweka vyangu juu yake, vikaenea.

Nilikaa pale nimeshika udongo, jua linawaka, sisikii hata Masanja akiniita.

Habari zikamfikia mtendaji wa kijiji, naye akampigia afisa utamaduni wa halmashauri. Mimi sikujua kama kuna mtu wa kazi hiyo. Nilidhani utamaduni ni ngoma za kupokea viongozi.

Akaja kwa bodaboda, mama wa makamo, viatu vimejaa vumbi. Tumwite Mama Irene. Akashuka kwenye shimo, akapiga magoti, akayashika yale mawe meusi kama mtu anayeshika mtoto mchanga.

"Haya ni mavi ya chuma, uchafu unaobaki tanuruni," akasema. "Hapa wazee wa Kizinza walikuwa wanayeyusha chuma cha majembe. Mabomba haya yalipitisha upepo wa mivukuto kwenda kwenye moto. Naomba msiendelee."

Masanja akachemka. "Dada, sisi tunakula kutokana na hili shimo. Serikali ilikuwa wapi siku zote?"

Mama Irene hakubisha. "Ulichosema ni kweli, tumechelewa. Nipeni mpaka keshokutwa."

Masanja akakubali, shingo upande.

Keshokutwa yake asubuhi, ukungu ulikuwa umelala bondeni, kilima kinaonekana kama kinaelea. Tukamwona Mama Irene anapanda taratibu, amemshika mkono ajuza mmoja. Ni Bibi Veronika, wa kijiji cha pili. Baba yake alikuwa mmoja wa wafua chuma wa mwisho.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa."

Akasimama mbali na shimo, kama hatua ishirini, akakataa kusogea.

"Sisi wasichana tulikatazwa," akasema. "Walisema mwanamke akikaribia, chuma kitaharibika. Tulikuwa tunalima kule chini, tunasikia tu wanaume wakiimba na mivukuto ikipuliza. Baba alikuwa mle. Sijawahi kuona alichokuwa anafanya."

 

Masanja ndiye aliyemfuata. Huyohuyo mbishi. Akainama, akamwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, njoo uone. Mimi nitakushika."

Akamteremsha polepole. Bibi akagusa ukuta wa tanuru kwa kiganja, akafumba macho, akaanza kuimba Kizinza. Sauti nyembamba, inakatika, inarudi, inafuata pumzi kama mtu anayepuliza moto. Mama Irene alikuwa anarekodi kwa simu, machozi yanamtoka.

Wakuu, mimi Kizinza sikijui. Lakini naapa nilisikia mivukuto. Nilisikia harufu ya mkaa. Ukungu ukawa moshi, na ndani yake watu wanakwenda na kurudi, migongo inang'aa jasho, na hakuna hata mmoja aliyetutazama.

Alipomaliza akacheka kama binti. "Kumbe padogo hivi! Mimi nilidhani ni pakubwa kama kanisa."

Masanja akaokota sululu zote mbili, akaziweka begani. "Twende tukatafute pengine," akaniambia.

Tulihamia ng'ambo ya bonde. Wiki nyingi tuliambulia vumbi, siwadanganyi, na kuna siku tulijuta.

Halmashauri ikazungushia uzio wa miti, ikaweka kibao na kuingiza eneo kwenye orodha ya vivutio vya wilaya. Uzio umeshaliwa na mchwa upande mmoja, nimelalamika sana. Ila wanafunzi wanaletwa, na siku moja walikuja wageni kutoka Geita mjini. Jumamosi huwa nawatembeza mimi. Wakikaa wakatulia, Mama Irene anawawekea ile sauti.

Bibi Veronika alifariki kabla ya masika yaliyofuata. Mazishini wajukuu zake walituambia kwamba nyumbani hakuwahi kuuimba wimbo ule hata mara moja.

Nilichojifunza: nilizoea kudhani serikali ikisaidia urithi wetu lazima kuwe na jengo na utepe wa kukata. Kumbe kuna wakati ni mtu mmoja tu anayewahi, akaomba siku mbili, halafu akaenda kumtafuta anayejua.

Kwenu maafisa utamaduni wanafanya nini? Wapo? Mmewahi kuwaona? Shusheni maoni. Na wewe unayejiandaa kuandika "mawe tu hayo", panda hiki kilima asubuhi moja ya ukungu, ukae kimya kidogo, kisha ndiyo uandike.