Jina la Kumi na Saba

Hollis Tarbox hutumia brashi mbili tu kusafisha jiwe letu la ukumbusho: kubwa ya kusugulia uso wake, na mswaki wa zamani kwa ajili ya herufi. Sabuni hataki hata kuisikia. Siku moja Thatcher Swett, mwenyekiti wa kamati inayolisimamia, alimletea chupa ya dawa ya kung'arisha. Hollis akaigeuza huku na huku.

"Kwani jiwe hili ni sufuria?" akauliza, akamrudishia.

Kila Juni, wiki moja kabla ya Siku ya Majina, utamkuta gatini amepiga magoti kando ya ndoo ya maji. Ana miaka sabini na minne, na mgongo umemwisha kwa kuvuta mitego ya kambakoche. Jiwe lina majina thelathini na moja ya wanaume wa hapa Tilden Cove waliopotea, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, katika vita vya kujitoa mikononi mwa Mwingereza. Hawakuwa wanajeshi. Walikuwa wavuvi waliopewa karatasi ya kibali, wakafunga mizinga kwenye vyombo vyao vya uvuvi, wakaenda kukamata meli za mizigo za mfalme. Watu wa mji wa jirani huwaita maharamia wenye karatasi. Sisi huwajibu kwamba babu zao walikosa hata hiyo karatasi.

Msomaji wa majina ni mimi. Si kwa heshima yoyote; nilichaguliwa kwa sababu nina sauti ya kumwita mbwa aliye ng'ambo. Nikitaja jina, mtu wa ukoo huo aliyesimama mstari wa mbele huitika, "Yupo!" Kama jina halina tena mwenyewe wa kuliitikia, mji mzima huliitikia. Hollis ameitikia jina la kumi na saba, Ebenezer Tarbox, tangu baba yake afariki, na sasa ni zaidi ya miaka hamsini. Hakuoa, hana mtoto. Ukimwuliza ana nini duniani atakwambia ana mashua isiyovuja na nafasi yake mstari wa mbele.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, alikuja jikoni kwangu na bahasha. Nikamtilia kahawa. Hakuigusa.

"Soma, Nettie."

Barua ilitoka kwa mwanamke wa Nova Scotia, kule kaskazini kulikobaki kwa mfalme baada ya vita, aliyejitambulisha kuwa ndugu yake wa mbali. Hadithi ya Ebenezer tulikuwa tukiijua sote: wenzake walikamata meli ya Mwingereza, yeye na wanne wengine wakapandishwa ili wailete nyumbani, na meli haikufika. Tulisema ni dhoruba. Kumbe ilinaswa tena na Waingereza siku ya tatu. Ebenezer alifungwa ng'ambo, jela ikamchosha, akakubali kumtumikia mfalme katika manowari zake. Vita vilipokwisha alipewa shamba Nova Scotia, akaoa, akazaa watoto saba, akafa kitandani akiwa na miaka themanini na mmoja. Nakala za hati zilikuwamo, na jina la mama yake na la mji wetu yameandikwa wazi. Binti yake wa kwanza alimwita Mercy.

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mercy ni mke aliyemwacha hapa na mimba, na mimba hiyo ndiyo iliyowaleta akina Hollis duniani.

"Hana haya huyu mtu!" nikasema.

"Labda alimkumbuka."

"Angemkumbuka angepanda chombo! Kutoka kule ni siku tatu, au nne upepo ukikataa. Mwenzake huku anafuma soksi za mabaharia miaka arobaini na moja, wanaume wanamposa anawafukuza, analilia mtu anayekula viazi kwa mke mwingine!"

Hollis alikunja barua taratibu, akairudisha kwenye bahasha.

"Tumeiona wawili tu," nikamwambia. "Itie motoni iungue. Au siku hiyo nitalipitia jina juu juu, nijifanye nimepaliwa."

"Usiliruke. Ukiruka utakuwa umesema uongo kwa niaba yangu."

"Na ukisema kweli Swett atakutoa mbele. Unaijua kanuni: mstari wa mbele ni wa koo za waliopotea."

"Naijua," akasema. "Baba ndiye aliyeiandika."

Wiki ya kusafisha ilipofika nilipita gatini nikamkuta yuko na mswaki kwenye jina la kumi na saba, anachokonoa herufi moja moja kama ilivyo desturi yake.

"Na huyo naye unamsugua?"

"Jiwe halina kosa," akanijibu.

Kesho yake nilimwona anapanda makaburini na ndoo ileile. Nikamfuata, maana umbea nao ni kazi. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kaburi lililofunikwa na kuvu. Maneno yalikuwa yanaanza kuonekana: Mercy, mke wa Ebenezer Tarbox, aliyepotea baharini.

"Ulijua yuko hapa?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Mimi nimempita maisha yangu yote nikienda kwa baba," akasema, na macho yake yakawa mekundu. Nikaenda kumchotea maji mengine.

Siku ya Majina ilianza na jua zuri, na kutoka ukumbini harufu ya maharage na supu ya samaki ilikuwa imeshawatoa watu mate. Nilisoma. Baada ya jina la kumi na sita nikaisogeza miwani.

"Ebenezer Tarbox!"

Hollis akawa anatazama jiwe.

"Mzee kalala huyo," mtu akatania kule nyuma, wengine wakacheka.

Hollis akavua kofia. "Hayupo," akasema. "Hakupotea. Alihamia kwa mfalme, akazeeka, akafa kitandani mwake. Hati ninazo, anayetaka kuziona aje."

Kisha, bila kuambiwa na mtu, akatoka mstari wa mbele, akaenda kusimama nyuma na wale wanaokuja kwa ajili ya supu.

"Nettie," Hollis akaita toka huko nyuma. "Nisomee Mercy."

"Jina hilo halimo," Swett akasema.

"Najua halimo. Soma, dada."

Nikainua karatasi, nikaitazama kana kwamba jina limeandikwa pale.

"Mercy Tarbox!"

Hollis alifungua mdomo. Mtu aliyeitika miaka yote hiyo kwa sauti ya kusikika hadi mnara wa taa, siku hiyo sauti haikutoka. Akajaribu tena, ikagoma. Jina likabaki hewani bila mwenyewe.

Nikamtazama Swett. Uso umemwiva kama kambakoche aliyetoka chunguni. Akavua kofia yake, akaikandamiza kifuani.

"Yupo!" akafoka, kama mtu anayegombeza.

"Yupo!" mji mzima ukaitika.

Nikapangusa miwani, nikaendelea na jina la kumi na nane.