Siku Niliyomnyima Yusufu Utani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiifikiria hata sasa nasikia harufu ya sabuni ya unga na joto la pasi. Hatukuona nchi kavu siku ile. Mbele maji, nyuma maji, na sisi tuko chini kabisa ya meli kubwa ya watalii, tunafua taulo za watu waliokuwa juu wanaota jua. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka Mtwara na mashati mawili, na majivuno ya kuwatosha watu kumi.

Siku hizi mnatafuta kazi Madimba kwenye gesi, au mnakwenda zenu Uarabuni. Wakati wetu, aliyepata kazi melini alionekana kapata kweli. Safari zilikuwa za miezi, na katikati yake zilikuwamo siku kama hiyo, ambazo meli haitii nanga popote. Abiria walizipenda. Sisi wa chumba cha dobi tulizichukia, kwa sababu mtu asiye na mji wa kushukia anaoga mara nne kwa siku, na kila akioga anataka taulo mpya.

Watanzania tulikuwa watatu mle dobi. Mimi, Mmakonde. Yusufu, Myao wa Masasi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Na Mzee Bakari wa Mikindani, msimamizi wetu, mtu mfupi, mpole, ambaye hakuwahi kupandisha sauti hata mashine ikimmwagia maji ya moto. Waliobaki walikuwa Wafilipino na Wahindi. Watu wema, lakini mbele yao mimi nilikuwa najikaza. Nilianza kutembea kwa hatua za kupima na kucheka mdomo umefungwa. Nilitaka waone kwamba huyu kijana wa Tanzania ni mstaarabu.

Asubuhi ile ofisa mmoja alishuka na karatasi ya ujumbe wa redio. Mama yake Yusufu amefariki, na amekwishazikwa. Bandari ya karibu ilikuwa siku tano mbele.

Mama yule nilimjua. Kabla hatujaondoka nilikaa kwao Masasi siku nne, na zote nne alinitania. Alisema panya wa ghalani wamehama wote, wanaogopa kuliwa, waliposikia Mmakonde amekuja. Nami nikamjibu kwamba nimekuja kuposa binti zake wote kwa mpigo. Ndivyo tulivyo, unajua mwenyewe: Mmakonde na Myao ni watani, na utani wetu hauishii kwenye maneno ya barazani. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayeingia pale kwenye kilio na kufanya vituko. Anamwiga marehemu, anagombana na maiti, anazuia jeneza lisitoke, mpaka wafiwa wanacheka hata kama hawataki. Hiyo ni kazi yake, na hakuna mwingine wa kuifanya.

Sasa sikiliza nilichofanya mimi. Nilimwendea Yusufu mbele ya wale wenzetu, nikampa mkono, nikamwambia, "Pokea pole zangu za dhati."

Yusufu aliuangalia mkono wangu. "Ndiyo hivyo tu, Hamisi?"

"Mungu ampumzishe pema," nikaongeza, nikarudi kwenye mashine yangu.

Akaendelea kukunja shuka. Chakula cha mchana hakukigusa, na chai ya saa kumi akaiacha ikapoa. Mfilipino mmoja alimletea chungwa lililomenywa, akalishika tu mkononi kama mtu aliyepewa kitu amtunzie mwenyewe. Hakulia. Hilo ndilo lililonitia hofu, maana Yusufu alikuwa mtu wa kulia hata kwenye filamu za Kihindi. Nami nilijua, mwanangu, nilijua vizuri kabisa anachongoja. Niliona haya. Nilijiuliza, hawa watu wataniona mtu wa namna gani nikianza kumwiga maiti humu ndani?

Mzee Bakari akaniita pembeni, nyuma ya mashine za kukaushia.

"Mwenzako tangu asubuhi hajala."

"Ana majonzi, mzee. Tumwache apumzike."

"Yule mama nimemsomea Yasini. Kusoma nimesoma. Utani siuwezi, mimi si mtani wao, nikijaribu nitakuwa namtukana tu. Mtani wake humu majini ni nani?"

Nikajitia kukagua mlango wa mashine.

"Kwao huko wamelia na wamechekeshwa. Huyu yuko peke yake, msiba wake mzima ni wewe. Na wewe unampa mkono kama meneja wa benki."

Aligeuka akaenda zake kupanga foronya. Masikio yalinichemka. Nimegombezwa na wengi maishani, na matusi ya wengi nimeyasahau, ila sauti ile ya upole ilinivua nguo.

Nikachukua shuka. Moja nikajifunga kiunoni, nyingine nikajitanda kichwani, nikapinda mgongo, nikaanza kuchechemea katikati ya chumba kama mama yule alivyokuwa akichechemea. Nikatoa na sauti yake.

"Yusufu! Ewe Yusufu! Kufa nimekufa, sawa, lakini huyu Mmakonde nani kamfungulia mlango? Haya, ficheni kuku! Ficheni hata paka!"

Mfilipino wa pasi alidhani nimerukwa na akili. Alikuja kunishika, Mzee Bakari akamzuia. Mimi sikumwangalia mtu. Nilipanda kwenye toroli la taulo chafu, nikalala chali, nikafunga mikono kifuani.

"Sizikwi," nikasema. "Sizikwi mpaka niuone wali wa msiba. Nawajua nyie Wayao, mtanizika kwa uji."

Nikasikia mashine tu zinanguruma. Nikafumbua jicho moja. Yusufu amesimama juu yangu na shuka mkononi.

"Mmakonde mshenzi wewe," akasema. "Mama yangu alikuwa anachechemea mguu wa kulia. Wewe umechechemea wa kushoto!"

"Huko alikokwenda wamembadilishia," nikamjibu.

Basi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa toroli, na kicheko kikamgeuka katikati kikawa kilio, kilio kikubwa cha mtoto aliyefiwa na mama yake. Nikashuka na mashuka yangu yale, nikamkumbatia, tukalia wote wawili. Wale Wafilipino niliokuwa nawaogopa walikuwa wanafuta macho, na Mhindi mmoja akauliza kama na yeye anaweza kuwa mtani. Jioni Yusufu alikula sahani mbili, ya kwake na ya kwangu. Ya kwangu alisema ni faini ya ule mguu.

Mwanangu, ukienda kwa watu jifunze adabu zao, uzifuate, usiwe mtu wa kudharau. Lakini aliyetoka ulikotoka usimpe adabu za ugenini wakati wa shida yake. Mpe ile haki aliyozaliwa nayo, hata kama wanaotazama hawataelewa. Wakitaka kuelewa watauliza. Ukimnyima wewe, hana pa kwenda kuidai. Na ukigundua umekosea, usijidanganye kwamba wakati umepita na sasa itakuwa aibu zaidi. Mimi nilichelewa tangu asubuhi mpaka alasiri, na bado alikuwa ananingoja.

Yusufu yupo, Masasi, na sukari yake na wajukuu wake. Tumekwishakubaliana: nikitangulia mimi, asithubutu kuja hapa na uso wa huzuni. Aje anitukane mbele ya wanangu wote.

Nawe, Mungu akupe, siku utakayofiwa mbali na kwenu, mtu wa kukuchekesha mpaka uweze kulia. Na kama mfiwa ni mwenzako, akupe moyo wa kuwa mtu huyo. Amina.